Biblia ya zipu (Union Version) kwa sisi tunaoshinda kibandani, naipa nyota 4

Jamani hii ni rivyu ya Biblia sio mahubiri, msinikimbie. Naongelea ile tafsiri ya Union Version, ya saizi ya kati, jalada jeusi lenye zipu, natumia kazini na kazi yangu ni uwakala wa pesa huku Sabasaba Dodoma, kwa hiyo nikisema kelele naomba mnielewe.

Kabla ya hapo nilikua nasoma kwenye simu, app ya Biblia inaitwa YouVersion, na sina ubaya nayo kabisa, ipo tangu 2008, ni bure, Kiswahili kipo. Shida ni simu yenyewe, maana ndo hiyohiyo ya magrupu, ya vikoba na ya mama mkwe. Yani unasoma Zaburi ya 23 umefika bonde la uvuli wa mauti, juu inashuka meseji ya grupu la kwaya "nani hajalipia sare", unasema ngoja nijibu mara moja, ukija kushtuka unaangalia mtu anapika pilau na mteja kasimama dirishani anakusubiri. Na hiyo ni Zaburi ya mistari 6 tu, sasa Zaburi ya 119 yenye 176 utaimaliza lini?

Hii ya karatasi nasoma asubuhi kabla sijafungua dirisha, simu zote zinabaki kwenye droo pamoja na floti (hela ya kazi). Sura moja inaisha, afu ukikutana na mstari mgumu unabaki nao hapohapo, hakuna pa kukimbilia. Zipu nilidhani ni urembo kumbe Dodoma ndo penyewe, huu upepo wetu wa mwezi wa saba ukiacha Biblia wazi unasoma Warumi unajikuta Wakorintho, na vumbi lake mnalijua. Kurasa ni nyembamba kama ganda la kitunguu, kwa hiyo kalamu ya wino hapana, inatokea upande wa pili, tumia penseli.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya herufi. Jioni taa ikiwa hafifu macho yanauma, mwenye miwani achukue ya maandishi makubwa japo ni nzito.

Afu kuna hili hakuna mtu aliniambia, Biblia ikikaa mezani na wewe unakua mchungaji wa mtaa. Mama wa mboga anakuja kutoa hela anaona Biblia anaanza habari za mume wake, bodaboda anataka umuombee leseni itoke, na foleni hiyo nyuma yao. Sasa huko si kuvurugwa kwingine? Mi naona ni afadhali, angalau nikiinuka hapo nimeongea na mtu.

Kiswahili chake ni cha 1952, mimi nakipenda, ila kama unanunulia watoto chukua tafsiri ya Habari Njema wataelewa haraka, na wenzetu Wakatoliki wanapata humo yenye vitabu vya deuterokanoni (vile vya Agano la Kale ambavyo Union Version haina). Chama cha Biblia makao makuu yapo hapahapa Dodoma, mtu wa Dodoma asisingizie umbali. Ukinunua kwa wale wa barabarani, kabla hujatoa hela funga na kufungua zipu mara kadhaa, zingine zinakwama palepale kwenye kona.