Kozi ya Kihispania B1 kule Granada, miezi minne: thamani ya hela yangu ilikuwa kwenye nyumba ya familia

Nimerudi Mbeya wiki ya tatu sasa na kila nikikatiza Mwanjelwa lazima nikutane na mtu anaulizia vipi ile kozi, inafaa? Basi naandika mara moja kwa wote, hasa wadogo zangu wa Mbeya na Iringa mnaotaka kwenda. Nilienda Granada, kusini mwa Hispania, kuanzia Januari, daraja la B1, yaani ushavuka kujitambulisha na kuagiza chakula ila ukitaka kusimulia ya jana unakwama. Kifurushi ni darasa asubuhi siku tano, kulala na kula kwa familia, na matembezi ya wikiendi. Wakala aliyenipeleka simtaji maana tuna malalamiko bado hayajaisha.

Nianze na familia. Niliwekwa kwa mama mmoja mtu mzima, umri wa bibi yangu, nyumba iko Albaicín, vichochoro vya mawe vya kupanda tu, ukikata kona unaiona Alhambra, ile ngome ya kale ya kifalme, ng'ambo na nyuma yake theluji ya Sierra Nevada. Watu wanadhani Hispania yote ni joto, jamani Januari Granada ni Uyole ya mwezi wa saba na kuzidi. Sebuleni kuna meza ya duara wanaiita mesa camilla, imefunikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni na chini yake kuna hita, brasero, mnaingiza miguu wote mnavuta kitambaa mpaka magotini mnapiga stori. Usiku mmoja mama akawa anasimulia kwamba zamani kwao chini ya meza yalikuwa makaa, poníamos, encendíamos, nos sentábamos, na mi nikaliona jiko la mkaa la bibi Tukuyu na sisi tumelizunguka, na pale pale ile imperfecto, yaani wakati uliopita wa mambo ya mazoea, iliyonitesa mwaka mzima ikaingia. Ni ile -ga yetu! Tulikuwa tunawekaga makaa, tulikuwa tunakaaga. Kitu kikitokea mara moja kikaisha ndo pusimos, tuliweka. Kwenye kitabu nimeisoma mara ngapi sijui, ila pale mezani sikuhitaji kanuni.

Na ile subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka au kuomba kitu kifanyike, wanayotishia watu nayo, sisi tunayo toka tumezaliwa. Anasema, nataka aseme. Habla, quiero que hable. Mpaka mwisho a inageuka e, kwa vitenzi vya -ar, hivi vya -er na -ir ndo vinaenda kinyume, come inakuwa coma. Wenzangu Wamarekani darasani walihangaika nayo sana, mi nilikuwa natafsiri tu kichwani Kiswahili kwenda Kihispania bila kupitia Kiingereza, na nawashauri mfanye hivo hivo. Irabu zao ni tano kama zetu, hata yetu na hasta yao zote zimetoka kwenye Kiarabu, sukari na azúcar vile vile.

Kilichonipa shida ni heshima. Shikamoo hawana, nikajishikiza kwenye usted, yaani wewe ya heshima, kama tulivofundishwa, wiki nzima, mama akakataa, háblame de tú, niite tú, wewe ya kawaida, hapa uko kwenu. Sasa kumwambia tú mtu wa umri wa bibi yangu ni sawa na kumwamkia mambo vipi, mdomo ulikuwa mzito kweli. Halafu lafudhi, Waandalusia s ya mwisho wanaimeza, más o menos, yaani takriban, unasikia má o meno, wiki mbili sokoni sikuelewa mtu na nilirudi nyumbani nikalia, mama akakaa na mimi akawa anarudia sentensi moja moja mpaka nishike. Hicho huwezi kukipata kwenye programu ya simu.

Darasa ni la kawaida. Waliahidi wanafunzi wanane tukajikuta kumi na tano, mwalimu mzuri ila zamu ya kuongea unapata mara mbili kwa siku. Matembezi ndo yaliniudhi, Alhambra nzima tumetembezwa kwa Kiingereza, sasa mtu ametoka Mbeya kafuata Kihispania halafu anasimuliwa kwa Kiingereza? Na wenzangu waliowekwa hosteli pamoja walirudi kwao Kihispania chao kile kile.

Nyumba naipa 5 kati ya 5, darasa 3, matembezi 1. Kabla ya kulipa ulizeni kwa maandishi kama familia inaongea Kihispania tu na kama hamtawekwa na mwanafunzi mwingine nyumba hiyo. Mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes, ule wa cheti cha Kihispania, kwangu haukuwemo kwenye bei, hiyo nayo ulizeni mapema. Bebeni masweta. Mchana watu wanakula saa nane mpaka saa tisa na usiku saa tatu au nne, ila ukiagiza hata soda Granada unaletewa tapa, kitafunio kidogo, bure, hiyo inakusogeza mpaka mama apakue.