Raba mpya, soli kuukuu: ununue dukani au onlaini?

Meseji zimenichosha jamani. Kila mara mtu ananitumia picha ya raba iliyotoka kwenye boksi leo leo, karatasi bado imo ndani, kale kapakiti ka kunyonya unyevu bado kapo, halafu soli imemeguka vipande kama biskuti iliyolowa ikakauka. Anauliza, dada, nimeuziwa feki? Naikuza picha, naangalia mishono, naangalia nembo, naangalia lebo ya ndani, na mara nyingi jibu ni hapana, raba ni orijino kabisa, ila imezeeka. Haijawahi kukanyaga chini lakini ilitengenezwa miaka saba nyuma, ikalala stoo, ikahamishiwa stoo nyingine, ikapigwa picha, ikawekwa kwenye ofa, na wewe ukaikimbilia.

Kwa hiyo swali la dukani au onlaini mi nalijibu kwa kigezo kimoja tu: kabla hujatoa hela, unaweza kujua kiatu kina umri gani? Hayo mengine ya foleni, delivari kuchelewa, rangi kuwa tofauti na ya kwenye picha, mnayajua na mmeshayabishania vya kutosha. Saizi nayo naipita, nasema moja tu, pima mguu wako kwa sentimita uikariri hiyo, maana lebo nyingi zinaiandika na haidanganyi sana kama hizi namba za 40 na 41.

Ishu yenyewe iko hivi. Raba ina soli ngumu ya chini inayogusa ardhi, na juu yake kuna ile laini ya katikati inayobeba uzito wako. Hii ya katikati mara nyingi ni povu la plastiki, ama ya aina ya EVA au ya poliyurethani. EVA ina matatizo yake, inabonyea, inakuwa ngumu, lakini haigeuki unga. Poliyurethani ndo mwenye kesi. Unyevu wa hewani unaingia polepole na kukata minyororo ya kemikali inayolishikilia lile povu, wataalamu wanaita haidrolisisi, na joto linazidisha spidi. Baada ya miaka mitano mpaka kumi hivi, kutegemea imetunzwa wapi, soli kwa macho bado inaonekana nzima, unavaa, unatoka nje, hatua chache tu imeanza kupukutika.

Wanaokusanya raba za zamani hili wanalijua kuliko mimi. Air Max za mwaka 1987 na Air Jordan za 1988 na 1989 zilizobaki mpya kwenye maboksi yake leo ni za kuangalia kwa macho, ukizivaa unaacha makombo njia nzima. Mabuti ya kupandia milima ndo hivyo hivyo, na watengenezaji wake wanasema wazi kwamba buti lililokaa bila kuvaliwa linawahi kuharibika kuliko linalovaliwa, kwa sababu ukikanyaga unasukuma unyevu utoke kwenye soli. Yaani kule kukaa kwenye boksi ndo kunakoiua. Sasa muuzaji anakwambia "mpya kabisa hii dada, haijavaliwa hata siku moja, ilikuwa stoo tu" na anasema kwa kujivunia kabisa!

Na hapa nyota za wanunuzi haziwezi kukusaidia, hata usihangaike kuzisoma. Watu wanaandika maoni siku mzigo umefika, "imekuja haraka, rangi nzuri, asante muuzaji", nyota tano. Mtu huyo huyo soli ikibanduka baada ya miezi mitatu harudi kuandika, ameshaitupa na hasira zimeshamwisha. Hapo sijagusa zile nyota za kununuliwa, ambazo Marekani imebidi waweke kanuni ya kuzipiga marufuku, ikaanza kufanya kazi Oktoba 2024.

Umri unausoma kwenye lebo. Fungua ulimi wa kiatu au angalia upande wa ndani, kuna kalebo kadogo kameandikwa saizi za nchi mbalimbali, nchi kilikotengenezwa, namba ya toleo, na kwa kampuni nyingi kubwa kuna tarehe. Adidas kwa kawaida wanaweka mwezi na mwaka tu, ukiona 03/19 basi ni Machi 2019, imeisha hiyo. Nike mara nyingi utakuta tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza uzalishaji wa kundi lile. Maandishi ni madogo balaa, piga picha kwa simu ukuze. Kama tarehe haipo, chukua ile namba ya toleo uitafute mtandaoni, utaona rangi hiyo ilitoka mwaka gani, na hii inasaidia hata ukiwa hujakishika kiatu mkononi. Toleo la 2017 linalouzwa leo kama "limeingia sasa hivi" limeingia kutoka wapi, hebu niambie.

Haya tupange.

Namba moja kwangu ni duka la kampuni yenyewe, lile la kuingia kwa miguu yako. Unavuta ulimi, unasoma lebo, unabonyeza soli kwa dole gumba, unakunja kiatu pale vidole vinapokunjia uone kama kuna nyufa ndogo ndogo. Mzigo kwenye maduka haya unazunguka haraka, toleo likichoka linaondolewa. Ila kuna mtego mmoja nauona kila nikiingia. Mguu mmoja ndo uko kwenye maonyesho, wa pili uko stoo, na ule wa maonyesho umepigwa na mwanga wa kioo muda mrefu. Ukiletewa wa stoo uweke pembeni ya ule wa rafu, utaona weupe wa kimoja umeshaanza kuwa wa njano. Omba pea ambayo yote miwili imetoka boksi moja, na usione aibu kwa sababu muuzaji kakunja uso, huo uso atakunjua mwenyewe.

Na kwa vile mtaniuliza kampuni gani, sifichi, mi ni wa Adidas na hasa zile za soli ya Boost. Walizitoa 2013 wakishirikiana na kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani, ile soli ni punje punje za TPU zimeshikanishwa kwa mvuke, ukiangalia kwa karibu unaziona kabisa zile punje. Hii TPU ni ndugu wa poliyurethani lakini inauvumilia unyevu vizuri zaidi. Inakuwa ya njano, ndio, inachafuka vibaya, ndio, na bei yake inauma, lakini kuwa ya njano na kugeuka unga ni misiba miwili tofauti na mimi nachagua wa kwanza. Ongeza na lebo yao inayosomeka bila kuhitaji shahada. Mashabiki wa Nike mtanisamehe, viatu vyenu ni vizuri, mi nimeshachagua upande.

Namba mbili ni tovuti ya kampuni hiyo hiyo. Huwezi kuona lebo kabla ya kulipa, hiyo ndo inaiangusha, lakini una uhakika mzigo haujapita mikono kumi, na kuna kitu ambacho duka la kawaida halikupi. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria inampa aliyeagiza kwa mbali siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote, Uingereza nao siku 14, wakati kiatu ulichonunua dukani kikiwa hakina kasoro duka halilazimiki kukipokea, ni hiari yao. Watu hawaamini nikiwaambia, wanadhani dukani ndo kuna usalama. Sasa zitumie hizo siku: mzigo ukifika kitu cha kwanza ni lebo, cha pili ni dole gumba, ndo ujaribishe, tena ndani, juu ya zulia, na boksi usilichane. Angalia tu gharama ya kurudisha ni ya nani, maana hata huko Ulaya muuzaji anaruhusiwa kukubebesha wewe, mradi alikwambia mapema. Kurudisha kiatu bila longolongo mbona kunawezekana, Zappos ya Marekani ilianza kuuza viatu mtandaoni 1999 na ikajenga jina kwa kumpa mteja siku 365 za kurudisha, mpaka Amazon wakainunua 2009. Wenzetu wengine ukiwaomba siku saba tu wanakublock.

Namba tatu, duka kubwa la vifaa vya michezo lenye chapa nyingi. Sawa tu na namba moja, lebo unaisoma, ila stoo yao ina kona ambazo hazijaguswa muda mrefu. Ukiambiwa "hii saizi imebaki pea moja" hapo ndo usome lebo kwa makini zaidi, iliyobaki ya mwisho huwa ndo iliyokaa kuliko zote.

Namba nne, yale masoko makubwa ya mtandaoni ambako kila mtu anafungua duka lake. Hapa angalia ule mstari mdogo unaosema anayeuza ni nani, maana kuna mzigo wa soko lenyewe na kuna mzigo wa muuzaji wa nje, na wote wanakaa kwenye ukurasa mmoja na picha ile ile nzuri ya katalogi. Picha ya katalogi sio picha ya pea utakayoletewa, ilipigwa siku kiatu kinazinduliwa, kilikuwa kibichi! Mwandikie muuzaji kabla hujalipa, meseji fupi tu: "Naomba picha ya lebo ya ndani ya ulimi, pea hiyo hiyo utakayonitumia, saizi fulani." Anayejibu kwa picha inayosomeka nunua kwake. Anayejibu "ni orijino usijali" hajajibu swali, hukumuuliza kama ni orijino. Na kuna wale wanaotuma picha ya lebo na dole gumba limekaa juu ya tarehe. Limekaaje pale kwa bahati mbaya, kwenye lebo yenye ukubwa wa stempu, kidole kiende kutua kwenye tarehe tu? Nimetumiwa picha za hivyo na wasomaji mpaka nimeanza kudhani kuna mahali wanafundishwa.

Namba tano ni maduka ya kumalizia mzigo, ya dukani na ya onlaini yote. Watu wanayapenda sana haya, na kwa anayejua kusoma lebo yanaweza kupanda hadi namba mbili, maana wakati mwingine unakuta kiatu cha mwaka jana tu kimeshushwa bei kwa sababu rangi yake haikupendwa. Lakini ile bei iliyokatwa mstari mwekundu isikupagawishe. Bei ya kwanza ilikuwa ya kiatu kipya, hiki mbele yako kimeshakula nusu ya maisha yake stoo, kwa hiyo nusu bei sio zawadi, ndo thamani yake halali, na muuzaji anaiita ofa na kukuwekea saa inayohesabu sekunde kurudi nyuma ili usifikiri. Ukirudi kesho ile saa imeanza upya. Hii tabia inanikera kuliko hata soli zenyewe.

Mwisho kabisa wanakaa wauzaji wa kwenye mitandao ya kijamii, wa "bei inbox". Kwanza kwa nini bei iwe inbox? Kiatu kimoja, saizi zile zile, kwa nini mimi nitajiwe bei baada ya kuangalia picha yangu ya profaili? Risiti hana, anwani hana, ukurasa una jina jipya kila baada ya muda, na chini kaandika "mali ikishauzwa hairudishwi" kwa herufi kubwa, hayo ndo maneno pekee aliyoyaandika bila kukosea. Wapo waaminifu, najua, msinitukane, na hao utawatambua kwa kitu kile kile, picha ya lebo bila kidole. Hata huyo mlipe mzigo ukiwa mkononi, umeubonyeza na umeukunja mbele ya dereva wa delivari, akisema ana haraka mwambie arudi nao.

Viatu vipya vya bei chee visivyo na jina, lebo yake ina saizi tu. Hapo hakuna cha kusoma, nunua ukijua umenunua vya muda.

Na mtumba, mnaoulizia, sijaupa namba lakini siudharau. Umeshavaliwa, umeshakanyagiwa, soli iliyokuwa ya kupukutika mara nyingi ilishapukutikia kwa mwenyewe wa kwanza. Bonyeza soli ya katikati kwa ukucha, ikirudi juu endelea kuangalia gundi pembeni, ikibaki na shimo au ikinata kidoleni iweke chini uendelee na safari yako.