Nyuzi kumi na sita, mwimbaji hayupo: jioni ya fidla Tanga

Kama uliona tangazo la wale wapigaji wanne wa muziki wa fidla wa Ulaya waliokuja Tanga ukalipuuza kwa kudhani ni mambo ya wageni wa hotelini, soma hapa, maana wameahidi kurudi na ningependa safari ijayo ukumbi ujae. Tiketi ilikuwa Sh 20,000, wanafunzi 5,000. Muziki wenyewe ulistahili zaidi ya hapo. Maandalizi ndiyo yaliyostahili kurudisha chenji.

Kundi la aina hii lina fidla mbili, viola moja na chelo moja, basi. Viola ni fidla iliyonenepa kidogo: imekosa ule uzi mwembamba wa juu, badala yake imepewa uzi mmoja mzito wa chini. Chelo hupigwa mtu akiwa amekaa, ameibana kwa magoti. Kila ala ina nyuzi nne. Fidla ya kwanza alikuwa nayo mama wa makamo mwenye mvi, ya pili kijana mwembamba, viola dada mmoja Mkenya, na chelo bwana mrefu wa miraba minne. Dada ndiye aliyekuwa msemaji wao. Wenzake watatu wametoka Ulaya na Kiswahili chao kiliishia kwenye asante. Alianza kwa kuwaamkia wazee wa mbele, wakaitikia marahaba kwa pamoja, na baridi ya ukumbini ikavunjika hapo hapo.

Hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Kinachowaongoza ni pumzi. Yule mama anavuta hewa puani, kwa nguvu kabisa, na wote wanne wanaingia kwa mpigo mmoja. Nilikuwa mstari wa pili, nikaisikia kila mara. Aliyekaa nyuma sidhani kama alijua ipo.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee wa Ngamiani, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani. Kabla hawajaanza akaniinamia.

"Mwanangu, mwimbaji anakuja saa ngapi?"

"Hakuna mwimbaji, mzee wangu. Ni hawa hawa wanne."

Akawatazama kidogo. "Kumbe ni bashrafu tupu."

Ningepewa kazi ya kuandika tangazo lao ningeyaweka maneno hayo juu kabisa. Kwa vijana waliozaliwa kwenye taarab ya kinanda: bashrafu ni kile kipande cha ala peke yake kinachofungua usiku kabla mwimbaji hajasimama. Ila kwenye bashrafu fidla, udi na kanuni hufuata njia moja, kila mtu akiipamba kwa mkono wake. Hawa kila mmoja ana kauli yake, na raha yote iko kwenye kusikiliza nani anamjibu nani, nani amemkatiza mwenzake, nani amenyamaza kwa makusudi. Ndiyo maana ni muziki wa kukaliwa karibu. Ulianza kwenye sebule za watu, na hata leo ukiuweka mbali unapotea.

Sasa lawama, na inahusu hilo hilo la ukaribu. Mwandalizi, ambaye simtaji, aliweka maiki nne na spika mbili za harusini kwenye ukumbi wa kuta nene na dari ya mbao ambamo mtu akikohoa mlangoni anasikika jukwaani. Fundi mitambo naye, kwa mazoea ya kazi za Jumamosi, akapandisha besi. Matokeo yake sehemu ya kwanza ya kipande cha Haydn, mtunzi wa Austria, tuliisikia chelo ikivuma kama jenereta la duka la jirani, fidla zikikwaruza juu yake, na viola haipo kabisa. Tulimwona tu dada akisogeza upinde. Katikati spika ikapiga mluzi. Walipomaliza sehemu hiyo, bwana wa chelo aliinyooshea spika upinde wake na kutikisa kichwa. Mwandalizi akaelewa anataka sauti iongezwe. Ilibidi dada anyanyuke, avuke jukwaa na viola mkononi, amwinamie fundi na kuzungumza naye maneno machache ambayo sikuyasikia ila niliuona uso wa fundi. Waya ukachomolewa. Kwangu mimi onyesho lilianzia hapo.

Na bahati yao, kilichofuata ndicho kipande bora cha kumfundisha mtu muziki huu. Sehemu ya pili ya Opus 76 namba 3 ya Haydn (opus ni namba ya kazi ya mtunzi) imejengwa juu ya wimbo mmoja alioutunga mwaka 1797 kwa ajili ya Kaizari Franz wa kule Vienna. Wimbo wenyewe haubadiliki hata kidogo. Fidla ya kwanza inautoa, kisha unapokezanwa: fidla ya pili, chelo, viola, mwisho unarudi kwa mwenyewe. Kinachogeuka ni yale wanayoyasema wengine pembeni. Zamu ya kijana wa fidla ya pili ilipofika, viola na chelo zilinyamaza, zikabaki ala mbili tu: yeye kaushika wimbo taratibu, mama anamzungukia juu kwa nota ndogo ndogo za haraka. Kijana hakutetemesha kidole hata mara moja. Aliuacha wimbo mkavu, mnyoofu, na ukumbi mzima ukasogea mbele kwenye viti. Viola ilipoupokea baadaye, watu walisikia kwa mara ya kwanza sauti waliyokuwa wameibiwa na spika: nene, yenye giza kidogo, ya mtu anayezungumza kwa kifua.

Mzee wangu aliutambua. "Huu si ule wa Wajerumani, kwenye mpira?" Ndio huo. Ujerumani iliufanya wimbo wake wa taifa mwaka 1922, na wakati huo Wajerumani walikuwa wameshaondolewa Tanga tangu 1916. Kwa hiyo waliotuachia lile boma la zamani mjini hawakuondoka nao kama wimbo wa taifa. Nilimweleza hivyo kwa kunong'ona, akasema bora hivyo hivyo.

Kipande cha pili kilikuwa cha Shostakovich, mtunzi Mrusi, cha nane kati ya alivyowaandikia wapigaji wanne wa aina hii, na hapa natoa tahadhari: si kipande cha kwenda nacho usiku kama una mambo yako yanakusumbua. Alikiandika kwa siku tatu mwezi Julai 1960, karibu na Dresden, mji ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na juu yake akaandika kwamba ni kwa ajili ya waliokufa kwa ufashisti na vita. Kina sehemu tano zinazounganishwa bila kusimama. Chelo inaanza peke yake na nota nne, na nota hizo, ukizisoma kwa majina wanayotumia Wajerumani, ni herufi za jina la mtunzi mwenyewe. Baada ya hapo jina hilo halikuachi. Linakimbizwa, linapigiwa kelele, linageuzwa dansi la kejeli.

Dada aliomba feni zizimwe. Kwa masikio lilikuwa jambo sahihi, kwa miili ilikuwa adhabu; unyevu wa bahari ya Raskazone usiku mnaujua. Kufikia sehemu ya pili jasho lilikuwa likimdondoka yule mama kidevuni hadi kwenye mbao ya fidla, na hakuwa na mwanya wa kujifuta. Joto la hivi linachezea nyuzi, na kwa kuwa kipande hakina kituo, hakuna nafasi ya kukaza upya. Nyuzi za viola zilishuka kidogo mwishoni, nikasikia, na nadhani dada alisikia kabla yangu maana alianza kusogeza vidole kulifidia. Sikumhesabia kosa.

Mahali pa kukumbukwa ni yale mapigo matatu mazito kwenye sehemu ya nne, ala tatu kwa pamoja, halafu kimya na uzi mmoja unaendelea chini yake. Wengi wanasema ni askari wanabisha hodi usiku wa manane. Mama mmoja nyuma yangu aligeuka kabisa kuutazama mlango. Kilipokwisha hakuna aliyepiga makofi kwa muda mrefu, halafu yakaja yote kwa mkupuo.

Mapumziko: chai ya tangawizi nzuri, visheti vikavu, choo kimoja kati ya viwili kimefungwa kwa kufuli. Tuendelee.

Kipindi cha pili kilikuwa cha Dvořák, mtunzi Mcheki, Opus 96, na kabla hakijaanza kulikuwa na kashehe ndogo. Chelo husimama kwa ncha ya chuma, na kwenye sakafu ile ya terazo ilikuwa ikimteleza bwana wa watu tangu mwanzo, anairudisha kwa goti. Mhudumu mmoja, kijana wa hapa hapa, akaenda mlangoni akaleta kile kizulia cha katani cha kufutia miguu, akakitandika, ncha ikazama, ikatulia. Nilikifurahia kuliko inavyostahili, kwa sababu kipande chenyewe kiliandikwa kiangazi cha 1893 huko Spillville, kijiji cha wahamiaji Wacheki katika jimbo la Iowa, Marekani, na mwaka huo huo ndio Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoleta miche ya kwanza ya mkonge huku Pangani.

Viola ndiyo inayofungua, wimbo unaozunguka kwenye nota tano tofauti tu, mwepesi, unaoweza kuuchukua na kuondoka nao kwa sikio la kwanza. Dada aliupiga huku anacheka. Baada ya lile giza la kipindi cha kwanza, watu walianza kutikisa vichwa. Sehemu ya pili ni ya huzuni, lakini huzuni ya kukaa nayo: fidla ya kwanza inaimba juu, chini yake wenzake wanabembea bila kuacha, halafu chelo inauchukua wimbo ule ule. Hapo ndipo Tanga ilipojitokeza. Nota ya mwisho ilipozimika, mama mmoja aliyejifunga kanga aliinuka na noti ya elfu tano, akaipepea hewani, akapanda jukwaani kwa madaha na kumtunza bwana wa chelo. Kwa kuwa bwana alikuwa na mikono miwili iliyojaa, akamwekea kwenye stendi ya nota. Bwana hakujua afanye nini. Dada akamwambia neno, akasimama, akaweka mkono kifuani na kuinama, na ukumbi ukapiga vigelegele.

Kuna watu mstari wa mbele walikunja uso, wale wanaojua kwamba kwenye muziki huu hupigi makofi mpaka kipande kiishe chote. Mimi niko upande wa mama. Enzi za Haydn mwenyewe watu walipiga makofi katikati na hakuna aliyekufa. Ila kutunza kuna hatari zake: kwenye sehemu ya tatu, ile ambayo Dvořák ametia sauti ya ndege aliyemsikia huko Spillville, bwana wa chelo alifunua ukurasa na noti ikaruka. Kijana wa fidla ya pili aliikanyaga kwa kiatu ilipotua na kuendelea kupiga bila kukosa hata nota moja, mguu umebana pale pale hadi mwisho wa sehemu.

Waliporudi kwa ajili ya wimbo wa nyongeza walitupigia mahadhi ya taarab ya zamani ya hapa Tanga, yaliyopangwa upya kwa ala zao. Ukumbi uliimba wote, simu zote juu, na najua wengi mtasema ndio uliokuwa mwisho mtamu. Kwangu ndio ulikuwa udhaifu wao pekee. Walipiga kwa adabu mno, kila nota mahali pake kwenye karatasi, bila ule mteremko wa kidole kati ya sauti na sauti ambao ndio ladha yenyewe. Isitoshe, taarab yetu, tangu vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilitembea na gitaa la umeme, besi na mdundo wa kuchezeka. Fidla kwa safu ni mambo ya Unguja zaidi. Kama wanataka kuutoa wimbo wa nyumbani, wakae siku moja na wazee wa hapa kwanza. Mzee wangu aliimba beti zote lakini, kwa hiyo huenda ninajisumbua bure.

Kwa wapigaji natoa nyota tano, nusu nikiikata kwa ule wimbo wa nyongeza. Kwa maandalizi natoa mbili, na zote mbili ni za kijana wa kizulia. Tangazo lilisema saa mbili usiku, walianza saa tatu kasorobo. Viti havina namba na bei haitofautiani kwa kiti, kwa hiyo wahi ukae katikati, mistari ya mbele. Watoto wa shule ya msingi waliokuwepo walitulia vizuri kwa Haydn na Dvořák, wakalala kwa Shostakovich, jambo ambalo ni heri. Na bajaji upande ule zikifika saa nne na nusu hazipatikani, panga na wako mapema au utembee kama nilivyotembea.