Seti ya mifupa ya miguu ya mbele kwa somo la baiolojia
Seti hii ya plastiki, niliyowanunulia wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ina mkono wa binadamu, bawa la popo, pezi la nyangumi na mguu wa mbele wa farasi. Bawa limenifurahisha mno: vidole ni virefu na vyembamba kama vijiti vya mwavuli, lakini mwanafunzi akivifuata kuelekea begani anakutana na radiasi na alna iliyosinyaa (mifupa miwili ya kigasha) na humerasi (mfupa wa juu ya kiwiko), mifupa ileile aliyo nayo yeye, na hapo hoja ya asili moja, kwamba wanyama hawa wote wametokana na babu mmoja, inamwingia bila maelezo marefu. Farasi, anayesimama kwa kidole kimoja cha kati, ameundwa vizuri. Pezi, kwa bahati mbaya, limejaa gundi kiasi kwamba vipingili vya vidole, ambavyo wingi wake ndio somo lenyewe, havihesabiki. Muuzaji amekubali kulibadilisha.