Maski ya kitenge kutoka kwa fundi wa soko la Gikomba, Nairobi

Tangu Aprili 2020 serikali iseme maski ni lazima hadharani na faini ingeweza fika shilingi elfu 20 (amri hiyo ya hadharani iliondolewa Machi 2022), nimevaa za kila aina na hii ndo narudia. Vitambaa viwili, katikati ameacha mfuko wa kuweka tishu, juu ya pua kuna kawaya unakakunja miwani isishike ukungu. Shida ni lastiki jamani, ukiifua na maji moto inalegea, ukiongea kwa matatu inashuka mpaka kidevuni na hapo haikingi kitu maana corona inatoka hadi kwa mtu hajaanza kukohoa. Zile za sponji za barabarani achana nazo, ukiinua juani unaona upande wa pili! Nunua mbili, moja ikiwa kwa kamba unavaa nyingine.