Dawa ya iodini ya kuogeshea matumbawe laini: nyota tatu na nusu

Siku niliyoinunua chupa hii sikuwa na mgonjwa, ila sikujua. Sarcophyton ninayemfuga kwenye tangi la maji ya bahari, lile tumbawe la ngozi lenye umbo la uyoga, lilikuwa limejifunga siku ya tano, polipi zote (vile vinyweleo vyake vya kulia chakula) ndani, juu linang'aa kama limepakwa nta. Nikakimbilia dawa. Kabla sijaifungua, ule utando ukaanza kubanduka vipande vipande, na chini yake ngozi ilikuwa safi. Lilikuwa linajivua tu, kama linavyofanya kila baada ya muda kutupa mwani na uchafu uliolikalia. Kazi yangu iliishia kugeuza pampu ili mkondo upite juu yake na kuusomba ule utando. Chupa ikarudi kabatini.

Miezi minne baadaye ukaja ugonjwa wenyewe. Doa la kahawia iliyoiva, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, pale shina la tumbawe lilelile linaposhika mwamba. Nililigusa kwa mswaki likatoka kama karatasi iliyolowa. Nikalinyanyua tumbawe, nikanusa. Harufu ya uozo ikamaliza ubishi. Anayejivua hanuki hivyo.

Nikapima maji kwanza: chumvi 1.025, joto digrii 26, amonia hakuna. Usiku nikamulika kwa tochi nikitafuta konokono wasio na gamba wanaotafuna matumbawe haya. Sikuona kitu.

Basi nikafuata maelezo ya chupa: matone 10 kwa lita ya maji ya tangi, dakika 15. Maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Nilimwogesha, nikamrudisha, nikasubiri. Baada ya siku mbili uozo ulikuwa umepanda upana wa kidole. Hapo ndipo maelezo yao yaliponiangusha, maana hayasemi popote kwamba iodini inaua vijidudu vya juu juu tu, na nyama iliyokwisha kufa haiponi kwa kuogeshwa. Lazima ikatwe.

Nikavaa glavu na miwani, nikachukua wembe mpya, nikakata ndani ya ndoo, si ndani ya tangi. Nilikata hadi nikafika kwenye nyama ngumu, nyeupe, isiyo na doa, kisha nikaongeza kidogo. Tumbawe likatoa makamasi mengi. Likaogeshwa tena kwa kipimo kilekile, likasuuzwa kwenye chombo cha pili chenye maji ya tangi, na maji yote ya kuogeshea nikayamwaga. Kwenye chujio nikaweka mkaa mpya wa kusafishia maji, kwa sababu matumbawe ya ngozi yakijeruhiwa humwaga sumu inayowasumbua majirani. Safari hii dawa ilifanya kazi yake: jeraha halikuoza, na wiki ya pili lilikuwa limefunga. Polipi zilichelewa kutoka, lakini zilitoka.

Kwa hiyo dawa yenyewe siilaumu. Chupa ni nyeusi, na hilo ni jambo jema kwa iodini, ambayo mwanga huiharibu. Nyota moja na nusu nimeipunguza kwa lebo. Imeandikwa "kwa matumbawe yote laini", nami kwa kuamini hivyo nikaogesha kishada cha Xenia kilichokuwa kimelegea kidogo tu. Kesho yake kilikuwa uji. Tena hawataji glavu, wakati wanaonunua dawa hii wengi wanafuga na zoanthidi, viumbe vidogo jamaa wa matumbawe, ambazo baadhi yake zina palitoksini, sumu isiyo ya mchezo ikiingia kwenye mkwaruzo au ikirukia jichoni.

Na kile kipira cha kudondoshea kimeanza kupasuka baada ya matumizi matatu. Sasa natumia bomba la sindano, lisilo na sindano, na vidole bado vina madoa ya manjano.