Siku Nzima na Idhaa ya Muziki wa Klasiki: Inapojua Kusema na Inaposhindwa Kunyamaza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiisikiliza idhaa moja ya muziki wa klasiki vipande vipande: dakika 20 asubuhi ninapojiandaa, nusu saa usiku kabla usingizi haujanichukua. Msikilizaji wa namna hiyo hana haki ya kusifu wala kulaumu, kwa hiyo Jumapili iliyopita niliwasha redio saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimeazimia kutoizima mpaka saa sita usiku, nikasikiliza muziki na mazungumzo yote, daftari likiwa magotini. Idhaa hii haina matangazo ya biashara, na hilo peke yake ni neema. Nilichotaka kujua ni kama wanaoiendesha wanaelewa muziki unahitaji nini kabla haujaanza na mara tu unapokwisha, maana katikati ya hapo kazi ni ya wanamuziki.

Kipindi cha asubuhi, kinachokwenda hadi saa tatu, ndicho dhaifu kuliko vyote. Hakuna tungo iliyozidi dakika sita. Simfonia, yaani tungo ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, inang'olewa sehemu moja; konseto, ambamo mpigaji mmoja hujibizana na okestra, inakatwa ya katikati; na mtangazaji anaziunganisha kwa uchangamfu wa mtu aliyeambiwa kwamba wasikilizaji wake wana haraka. Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni alivyoitendea Simfonia Na. 45 ya Haydn, ile ya Kuagana. Haydn aliitunga mwaka 1772, wakati Mwanamfalme Nikolaus Esterházy alipowakawiza wanamuziki wake katika kasri lake la Eszterháza kupita muda wao, nao wakitamani kurudi kwa familia zao. Katika sehemu ya mwisho wapigaji wanaacha kupiga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili, sauti zao zikiwa zimefifishwa. Ombi zima limo katika mwisho huo. Mtangazaji alikieleza kisa hiki vizuri, tena kwa maneno machache, kisha fidla mbili zile zilipokuwa bado zinamalizia pumzi akaingia kwa sauti ya juu kututajia saa. Nilijikuta nikiitazama redio kama mtu aliyekatwa kauli.

Kuanzia saa tatu mambo yalibadilika kiasi kwamba ungedhani umehamia idhaa nyingine. Kuna kipindi cha kulinganisha rekodi, na siku hiyo mgeni alichukua tungo ya Bach inayojulikana kwa jina la Goldberg, yenye wimbo wa mwanzo na mageuzo 30, yaani vipande vinavyougeuza wimbo huo kila kimoja kwa namna yake, akaiweka mezani kwa mikono ya mpiga piano mmoja tu, Glenn Gould, aliyeirekodi studio mara mbili: mwaka 1955 akiwa kijana na mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alitupigia mwanzo wa wimbo ule kutoka rekodi ya kwanza, kisha mwanzo huohuo kutoka ya pili, bila kusema neno katikati. Wimbo ambao kijana aliumaliza chini ya dakika mbili, mtu mzima aliutumia dakika tatu, na kila noti ilikuwa kama imewekwa chini kwa uangalifu ili isivunjike. Baada ya hapo ndipo mgeni alipofungua kinywa, na alichosema kilinifaa zaidi ya sifa kumi: kwamba tusidanganywe na urefu wa rekodi hizo, dakika 38 kwa 51, kwa kuwa mtunzi ameagiza kila nusu ya kipande irudiwe, na ile ya 1955 iliacha marudio yote hayo, ya 1981 ikarejesha baadhi yake, kwa hiyo tofauti ya mwendo isipimwe kwa saa ya ukutani. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyataka redioni. Mtu anayejua jambo anakupa sikio la kulisikia mwenyewe, kisha anakaa pembeni.

Mjadala wa saa moja uliofuata, wa wageni watatu kuhusu hatima ya okestra, niupite haraka, kwa sababu wote watatu walikubaliana tangu dakika ya tano.

Alasiri ililetwa makala ya dakika 20 kuhusu tamasha la Beethoven la tarehe 22 Desemba 1808 katika ukumbi wa Theater an der Wien, mjini Vienna. Mtayarishaji hakutumia milio ya upepo wala waigizaji; alitueleza tu kwamba ukumbi ulikuwa wa baridi, kwamba watu walikaa humo kama saa nne wakisikia Simfonia ya Tano na ya Sita kwa mara ya kwanza, na kwamba tungo ya kufungia usiku, ya piano, kwaya na okestra, ilivurugika katikati ikabidi ianzwe upya. Akaongeza kwamba usiku huohuo Beethoven mwenyewe alipiga Konseto ya Nne ya Piano. Kwa desturi ya enzi ile okestra ilitangulia na mpigaji akasubiri zamu yake. Hapa piano inaanza peke yake, kwa upole, na okestra inajibu kwa chini katika ufunguo, yaani ngazi ya noti, ulio mbali kabisa na ule wa piano, kana kwamba imeulizwa swali ikiwa chumba cha pili. Makala ikaisha, konseto ikaanza. Nimeisikia konseto hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo jibu la okestra lilinishtua, kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa ameniandaa kulingoja.

Neno moja kuhusu ubora wa sauti, maana hii ni huduma na mitambo ni sehemu yake. Kwenye FM idhaa hubana sauti: za chini hupandishwa na za juu hushushwa, ili anayesikiliza garini asipitwe na kitu. Kwa mazungumzo hakuna ubaya. Kwa Boléro ya Ravel ni msiba, kwani tungo ile haina hila nyingine ila kukua, kutoka ngoma ndogo inayonong'ona hadi okestra nzima inayonguruma robo saa baadaye, na kwa FM ngoma ile iliingia ikiwa tayari imevimba. Nilihamia intaneti kwa kutumia hedifoni na ukuaji ukarudi, ingawa matangazo huchelewa karibu nusu dakika, kwa hiyo usirekebishe saa yako kwa milio yake. Asiyeweza kutoka kwenye FM, na anasumbuliwa na mvumo, aiweke redio kwenye mono badala ya stirio. Mvumo hupungua sana.

Redio huogopa ukimya kwa asili yake. Mwaka 2004 BBC Radio 3, idhaa ya Uingereza ya muziki wa klasiki, ilipotangaza tungo ya John Cage ya mwaka 1952, ambayo wanamuziki hukaa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga noti, ilibidi kwanza uzimwe mtambo wa dharura ambao hujiwasha hewani kukiwa kimya. Nilikikumbuka kisa hicho usiku, idhaa yangu ilipotuletea tamasha la moja kwa moja la Simfonia ya Tisa ya Mahler, ambayo mtunzi alikufa mwaka 1911 kabla ya kuisikia ikipigwa. Ukurasa wake wa mwisho unakwenda taratibu mno. Nyuzi zinaachiana vipande vya wimbo hadi hujui tena kama unasikia sauti au unakumbuka. Noti ikaisha. Hakuna aliyepiga makofi, na mtangazaji, mwanamke mwenye sauti nzito aliyekuwa ametamka maneno machache tu jioni nzima, hakusema kitu. Nilihesabu hadi sekunde 27, nikisikia mtu mmoja akikohoa mbali ukumbini na kiti kimoja kikilia, mpaka makofi yalipoanza kwa woga upande mmoja na kuenea. Aliyaacha yashuke yenyewe ndipo akataja okestra na mwongozaji wake.

Kwa hiyo ningemshauri msikilizaji mpya aanze saa tatu, asiutafute mjadala, na usiku azime taa. Tamasha lenyewe lingali linapatikana kwenye programu yao ya simu kwa mwezi mmoja. Niliifungua kesho yake nimwonyeshe rafiki yangu zile sekunde 27, tukasogeza hadi mwisho na kukaa kimya tukisubiri. Makofi yaliingia baada ya sekunde nne. Kuna fundi aliyekwisha kuukata ukimya.